Mchezo wa maandishi wa Kiswahili: Twine, Inform 7 au Inform 6?

Mwalimu_Makulu:
Wakuu, salaam kutoka Dodoma. Nasimamia klabu ya kompyuta ya sekondari huku Makulu. Kompyuta zetu ni za zamani, mchezo wowote wenye picha unazikwamisha, kwa hiyo wanafunzi wamekuwa wakicheza Zork, mchezo wa zamani wa maandishi matupu. Wameupenda kiasi kwamba sasa wanataka kutunga wa kwao. Wanataka mchezaji aandike "nenda kaskazini" au "washa taa", na mchezo umjibu kwa Kiswahili. Hadithi wameshachagua: michoro ya mapangoni Kolo, Kondoa.

Zana nimezipima hivi. Twine ya Chris Klimas (2009) mtoto anaielewa siku hiyohiyo. Kazi ikiisha ni faili moja la HTML, unalirusha kwa WhatsApp na linafunguka kwenye simu bila bando. Lakini mchezaji anabonyeza tu, haandiki amri. Inform 7 (2006) na Inform 6 (1996) zote ni za Graham Nelson, na zote mchezaji anaandika. Ya 7 ina mazingira mazuri ya kufanyia kazi. Ya 6 ni lugha ya kawaida ya kuandikia programu, yenye mabano na nukta mkato. Naegemea 6, ila nahofia itawalemea kidato cha pili.

Fundi_Ilazo:
Mwalimu, Inform 7 iweke pembeni. Msimbo wake unaandikwa kwa sentensi kamili za Kiingereza, na ukikosea kiunganishi kimoja inagoma. Mtoto atakuwa anapigana na Kiingereza kabla hajafika kwenye mchezo. Inform 6 ina maneno machache ya kukariri, na jambo kubwa zaidi ni kwamba lugha ya mchezo imetengwa kwenye mafaili yake. Unatoa la Kiingereza, unaweka la kwako. Wahispania walifika mbali zaidi, walitengeneza InformATE ambayo hata maagizo ya programu yenyewe ni ya Kihispania.

Mzee_wa_DOS:
Nakubaliana na Fundi. Naongeza jambo moja kwa vile umetaja kompyuta za zamani. Ipo maktaba ya Inform 6, yaani msimbo ulioandikwa tayari wa kujengea mchezo, inaitwa PunyInform, imetengenezwa kwa mashine ndogo za miaka ya 1980, na inakwenda kwa wepesi sana. Lakini usitoe mchezo kwa muundo wa faili wa z3, ule uliotumika kwa Zork. Muundo huo unakumbuka herufi sita tu za kila neno. Kwa Kiingereza haisumbui sana. Kwa Kiswahili, "mfanyakazi" na "mfanyabiashara" vyote vinakuwa "mfanya", na mchezo hauwezi kuwatofautisha. Tumia z5 au z8, unapata herufi tisa.

Na waoneshe vijana msimbo wenyewe wa Zork. Novemba 2025 Microsoft iliutoa kwa leseni huria, sehemu zote tatu. Ni halali kuufungua, kuusoma na kuuchokonoa. Kwa sisi tuliokuwa tunaucheza bila kujua ndani kuna nini, hilo ni jambo kubwa.

Binti_Mrangi:
Mimi ni mtu wa Kondoa na nimefurahi mno kusikia habari hii. Hata mchezo wa kwanza kabisa wa aina hii ulitokana na pango la kweli. Will Crowther alikuwa mvumbuzi wa mapango, na katikati ya miaka ya 1970 aliandika Adventure akifuata mapango ya Kentucky aliyoyapima mwenyewe.

Ombi langu ni kuhusu kanuni za mchezo. Katika Zork unapata pointi kwa kuchukua hazina. Kolo huchukui kitu. Ni urithi wa dunia tangu 2006, na pale Mongomi wa Kolo, moja ya sehemu zenye michoro, watu wa kwetu bado wanakwenda kufanya matambiko. Pointi zitokane na kuangalia na kunakili, kama mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alivyofanya mwaka 1951. Mchezaji akiandika "gusa mchoro", mlinzi amzuie kwa heshima na amweleze sababu.

Kwa zana, mimi ningeanza na Twine. Hadithi ni ya kwanza, amri baadaye.

Fundi_Ilazo:
Dada, kwa kanuni za mchezo uko sahihi. Kwa zana nakataa, kwa sababu raha ya hadithi hii ni mtoto kuandika Kiswahili chake na mashine ikamwelewa. Kazi ngumu iko hapo, lakini ndiyo tamu.

Mchezaji hatasema "chukua kisu" kila mara. Atasema "kichukue". Inform 6 ina sehemu inaitwa LanguageToInformese, inayopanga upya maneno aliyoandika mchezaji kabla hayajachambuliwa. Hapo unakata "kichukue" iwe "chukua" pamoja na "ki". Tatizo ni kwamba jedwali la viwakilishi la Inform linajua kiume, kike na kisicho na jinsia, halina ngeli. Kwa hiyo kila kitu kwenye mchezo kipe sifa ya ngeli, na mchezo ukumbuke kitu cha mwisho kutajwa katika kila ngeli. Ukishafanya hivyo tunawazidi Waingereza: wao wakiandika "it" mchezo unakisia, sisi "kichukue" haiwezi kuwa taa wala sanduku. Sifa hiyohiyo ndiyo itakayojibu "kimechukuliwa", "imewashwa", "limefunguliwa".

Mzee_wa_DOS:
Hapo umenikosha. Mkimaliza faili hilo la lugha liwekeni wazi, na nakala mpeleke IF Archive. Wanahifadhi michezo na zana hizi bure tangu 1992, na ndiyo maana kazi za watu wa enzi zile tunazo hadi leo.

Mwalimu_Makulu:
Nimeshawishika, ni Inform 6, muundo wa z5. Kidato cha nne wataandika faili la lugha na sifa ya ngeli. Kidato cha pili wataandika maelezo ya mapango na majibu ya mlinzi, kwenye daftari kwanza. Fundi, naomba mfano wa kukata kiambishi, hata mistari michache. Dada, Mongomi tuiingize kwenye mchezo au tuiache?

Binti_Mrangi:
Iingizeni kama mahali panapoonekana kwa mbali. Akiandika "ingia", aambiwe aombe ruhusa kwa wazee kwanza. Nitawauliza wazee wa kwetu wangependa ruhusa hiyo iombwe kwa maneno gani.

Fundi_Ilazo:
Mfano nakutumia leo jioni. Anza na "ki", "i" na "li". Angalizo: "i" usiikate ovyo, maana "imba" na "ingia" zitakatwa pia. Angalia kwanza kama neno zima limo kwenye kamusi ya mchezo, likikosekana ndipo ukate.