Makala ya kisayansi ni upuuzi mtupu na mwandishi ni wa mashaka: ifutwe au irekebishwe?

Kalamu Kavu: Wadau mimi nasema ifutwe tu, habari za kusahihisha sahihisha tuache. 2023 peke yake zilifutwa zaidi ya 10,000 duniani, nyingi za wachapishaji wa majarida Hindawi walionunuliwa na kampuni ya Wiley. Hawa waandishi wake hawajui Kiingereza, wananunua nafasi ya jina kwenye makala kama tiketi ya basi, unategemea nini?

Mwalimu wa Usiku: Hawajui Kiingereza?? Hebu rudia hapo. Wale vijana wa chuo cha MIT Marekani 2005 waliotengeneza SCIgen, programu inayotapika makala ya kompyuta isiyo na kichwa wala miguu na mkutano wa kisayansi ukaikubali, na wao Kiingereza kiliwapiga chenga?

Kalamu Kavu: Wale walikuwa wanaumbua mkutano, usichanganye mada. Mimi nasema wale walioandika kwa Kiingereza chao "hatari ya kifuani" badala ya saratani ya matiti, akili bandia wakaiita "fahamu ya kughushi". Huyo ni msomi?

Mwalimu wa Usiku: Huyo ni mwizi bwana, na Kiingereza anakijua vizuri tu! Anachukua kazi ya mtu anapitisha kwenye programu ya kubadili maneno ili asinaswe, halafu hata hasomi kilichotoka. Wizi hauna lugha.

Bi Mkorofi: Mkimaliza kugombana mniambie na paka naye afutwe? 1975 mwanafizikia Hetherington aliandika makala ya fizikia peke yake lakini kila mahali kaweka "sisi", akaambiwa jarida halitaki hivyo, kuichapa upya yote kwa mashine ya taipu enzi hizo si mchezo, akaona bora amwongeze paka wake Chester kwa jina la F.D.C. Willard 😂 Ipo kwenye jarida la Physical Review Letters mpaka leo.

Kalamu Kavu: Ifutwe. Sheria za ICMJE, kamati ya wahariri wa majarida ya tiba, zinataka kila mwandishi aidhinishe nakala ya mwisho na awajibike. Paka aliidhinisha na ukucha?

Bi Mkorofi: Hizo za majarida ya tiba, hii fizikia. Na hesabu zake zilikuwa safi! Ule mchoro wa panya wa 2024 kwenye jarida la Frontiers, uume mkubwa kuliko kiwiliwili, waandishi walijulikana kwa majina na walisema wazi umechorwa na Midjourney, programu ya akili bandia, na jarida likachapisha. Bora paka.

Kalamu Kavu: Dada usitetee uongo kwa sababu unapenda paka.

Bi Mkorofi: Nani kakwambia napenda paka?

Mwalimu wa Usiku: Kalamu, lile la Kiingereza hujalijibu.