Kaka kanenepa, sasa anasahausahau. Ni bakteria wa tumbo kweli?

Wakuu wa Dodoma, habari za humu. Kaka yangu ana miaka 46. Tangu ahamie ofisi za Mtumba kafika kilo 112: asubuhi chapati na soda, mchana chipsi mayai. Siku hizi anasahau hata alichotumwa, akikaa anasinzia. Kuna mtu anamuuzia unga wa "kusafisha utumbo", laki na nusu, eti bakteria wabaya wamemvuruga ubongo. Nimzuie?

Mgogo_wa_Nkuhungu: Laki na nusu! Mlenda wa miezi mingapi huo pale Majengo?

NesiMstaafu: Muuzaji kashika nusu ya ukweli. Bakteria wa utumbo mpana wanakula nyuzinyuzi, wakizichachusha wanatoa asidi kama butireti inayolisha ukuta wa utumbo. Mtu akila mafuta mengi na nyuzinyuzi kiduchu, ukuta unaweza kulegea, mabaki ya bakteria yakapenya kwenye damu na kuleta uvimbe wa ndani kwa ndani, si wa kansa, ni mwili unajihami. Kwa panya imeonekana uvimbe huo unafika hadi sehemu ya ubongo inayosimamia njaa na shibe. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliwapandikizia panya bakteria wa mapacha, mmoja mnene na mwingine mwembamba. Waliopewa bakteria wa yule mnene waliongeza mafuta mwilini. Ila panya ni panya, na hakuna unga uliotajwa hapo.

Kibuyu: Si wanasema serotonini, ile kemikali inayohusika na hisia, asilimia 90 inatengenezwa tumboni?

NesiMstaafu: Kweli, lakini hiyo haivuki kuingia ubongoni. Wauzaji hapo huwa wanaruka.

MamaWawili_Kisasa: Dada, anakoroma? Shemeji yangu alikuwa hivyohivyo, kumbe pumzi inakatika usingizini.

Mleta uzi: Anakoroma! Wifi kahamia chumba cha watoto.

NesiMstaafu: Basi aanzie hospitali, hata kituo cha afya Makole. Apimwe sukari na presha, na hilo la kukoroma alitaje mwenyewe, wengi wanaona aibu. Asipuuze, maana unene wa umri huo umo kwenye mambo yanayoongeza hatari ya kupoteza kumbukumbu uzeeni. Soda aache leo. Ugali uwe wa mtama au uwele usiokobolewa, kwa kunde, mlenda na mtindi usio na sukari. Aongeze polepole, la sivyo tumbo litajaa gesi.

Mgogo_wa_Nkuhungu: Hapo wifi atahamia kwa jirani kabisa 😂

Mleta uzi: 😂 Asanteni. Jumatatu nampeleka Makole. Huyo wa unga kapiga tena, sasa hivi anasema laki moja.