Panya waliopewa bangi: seli nyeupe zikishuka, ndiyo kinga imeshuka?

Maabara_Njoro
Habari zenu wadau. Tuna panya wa Wistar (aina ya panya wa maabara) hapa Nakuru, makundi manne ya sita sita, wanaopewa dondoo la bangi kwa mdomo kila asubuhi kwa siku 28. Vibali vipo. Dozi kubwa imeleta hivi: seli nyeupe zimepungua, limfosaiti chini, nyutrofili juu (zote ni aina za seli nyeupe), PCV (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) imepanda. Dondoo lilichanganywa na mafuta ya simsim. Kundi la kulinganishia lilipewa maji. Je, tunaweza kuandika kwamba bangi imeshusha kinga na kuongeza damu?

DaktariWaMifugo_Kisumu
Hapana, ndugu yangu, yote mawili hayajathibitika.

Limfosaiti chini na nyutrofili juu ni sura ya damu ya mnyama mwenye mfadhaiko. Panya mzima ana limfosaiti kama asilimia 70 hadi 80 ya seli nyeupe. Kotikosteroni (homoni ya mfadhaiko) ikipanda, limfosaiti huhama kutoka kwenye damu na nyutrofili huingia. THC yenyewe, kemikali ya bangi inayolevya, hupandisha homoni hiyo. Pimeni kotikosteroni, na siku ya mwisho mpime uzito wa tezi za adrenali, thaimasi na wengu.

PCV nayo isiwadanganye. Panya aliyelewa THC hula na kunywa kidogo, plazma (maji ya damu) inapungua, chembe nyekundu zinaonekana nyingi. Protini jumla ikipanda pamoja na PCV, huyo ana upungufu wa maji tu. Pimeni chakula na maji kila siku, na mwongeze kundi linalopewa kiasi kilekile cha chakula kinacholiwa na kundi la dozi kubwa. Msilinganishe pia na viwango vya vitabuni: Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 1,130, na mwinuko peke yake unaweza kuinua PCV.

Kosa kubwa zaidi ni hayo maji. Kundi la kulinganishia lazima lipewe simsim ileile, ujazo uleule kwa kilo.

Fundi_Kakamega
Naongezea ya mezani. Kama damu ilipitishwa kwenye mashine iliyopangwa kwa binadamu, tilieni shaka kila namba. Chembe nyekundu ya panya ina ujazo wa femtolita 50 hadi 60 hivi, ya binadamu karibu 90, kwa hiyo mashine inaweza kuchanganya chembe ndogo na chembe sahani (za kugandisha damu). Tumieni mpangilio wa mifugo, au mhesabu seli nyeupe kwa mkono: damu ichanganywe na kimiminika cha Turk 1:20, iwekwe kwenye kioo cha kuhesabia cha Neubauer, mhesabu miraba minne mikubwa ya pembeni, jumla mara 50 ndiyo idadi kwa mikrolita.

Chupa ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande) ijae hadi alama. Damu ikiwa kidogo, dawa inazidi, chembe zinasinyaa na PCV ya kupima kwa mrija inashuka kwa uongo. Igeuzeni taratibu mara 8 hadi 10, msiitikise. Mahali pa kutolea damu pawe palepale kwa panya wote, maana damu ya mkia huwa na seli nyeupe nyingi kuliko ya moyo.

Halafu, dondoo lilipashwa joto? Bangi mbichi ina THCA (umbo lisilolevya, ambalo joto huligeuza kuwa THC) zaidi kuliko THC. Bila kupima THC kwa HPLC (mashine ya kutenganisha na kupima kemikali), "miligramu za dondoo kwa kilo" hazimwambii msomaji kitu.

Maabara_Njoro
Asanteni sana. Kinga yenyewe tuipimeje bila vifaa ghali?

DaktariWaMifugo_Kisumu
Wadungeni panya chembe nyekundu za kondoo, kisha mpime kingamwili (protini za kinga) wanazotengeneza dhidi yake. Vipokezi vya CB2 (sehemu za seli ambazo THC hujishikiza) vimejaa kwenye seli B, zinazotengeneza kingamwili, na kwenye wengu, kwa hiyo swali la kingamwili ndilo lenye uzito. Seli zinaweza kubaki idadi ileile na bado zikashindwa kazi.

Damu ya kondoo iwekwe kwenye Alsever (kimiminika cha kuihifadhi), ioshwe mara tatu kwa salaini. Kila panya adungwe seli bilioni 1 tumboni, dozi za bangi zikiendelea. Siku ya 7 toeni damu kwenye chupa isiyo na dawa, pasheni seramu nyuzi 56 kwa dakika 30, ipunguzeni nusu kwa nusu kwenye sahani yenye visima vya kitako cha duara, kisha ongezeni chembe za kondoo za asilimia 1. Kisima cha mwisho ambamo chembe zimegandamana ndicho kipimo cha kingamwili. Wekeni kundi moja la siklofosfamidi, dawa inayojulikana kushusha kinga. Kingamwili za kundi hilo zisiposhuka, jaribio lenu halioni kitu.

Kondoo awe mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mkibadilisha katikati, vipimo havilinganishiki tena.