Mjadala: Toronto waliponzwa na takwimu, au na mabosi wasiotaka kuzisoma?

Mleta mada (Mississauga)

Wakuu, tuweke ushabiki pembeni. Tunaoishi huku Ontario tunaijua kelele hii: kila Maple Leafs, timu ya hoki ya Toronto, wakitolewa, nusu ya mji inawalaumu "watu wa kompyuta", nusu nyingine inawalaumu wazee wanaoendesha timu kwa kunusa upepo. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Takwimu hazijawahi kuiponza timu ile. Walioiponza ni mabosi, ambao hesabu huzikumbuka siku moja tu, siku ya kufukia kosa.

Kwa wageni wa hoki ya barafuni: watu sita kila upande, kipa akiwemo, wanagombea kisahani cheusi kwa vipindi 3 vya dakika 20. Ligi ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, ina ukomo wa mishahara kwa kila timu. Huo ukomo msiusahau, vituko vyote vinatokea hapo.

Kuna kipimo kinaitwa Corsi. Unahesabu kila shuti lililopigwa, liwe limelenga goli, limetoka nje au limezuiwa na beki, lenu na la wapinzani. Mwenye mengi ndiye anayemiliki kisahani. Jina ni la Jim Corsi, aliyekuwa kocha wa makipa wa timu ya Buffalo. Aliyekipa jina, Tim Barnes, alisimulia kwamba aliona picha ya Corsi akapenda masharubu yake, basi. Kipimo kinachoheshimika kuliko vyote kwenye mchezo huu kilipewa jina kwa sababu ya masharubu.

Msimu wa 2012/13 Leafs walizidiwa mashuti karibu kila walikokwenda, lakini wakaingia mtoano. Watu wa Corsi wakaonya kuwa ni bahati tu. Mei 13, 2013, mechi ya saba kule Boston, Leafs wakawa mbele 4-1 kipindi cha tatu. Nathan Horton akawafungia Boston la pili (likumbukeni jina hilo). Mengine mawili yakaingia ndani ya dakika moja na nusu ya mwisho, na la tano muda wa nyongeza. 5-4.

Mabosi wakajifunza nini? Kwamba walikosa ubabe! Julai 5 wakamsajili David Clarkson, mtoto wa nyumbani, miaka 7, dola milioni 36.75. Katika maisha yake ya NHL alikuwa amefikisha mabao 30 msimu mmoja tu. Bora wake mwingine ulikuwa 17. Kabla ligi haijaanza akaruka kutoka benchi kwenda kupigana kwenye mechi ya maandalizi, akafungiwa mechi 10. Aliporudi alicheza 60 akafunga mabao 5. Kwa wastani wa mkataba ule, bao moja liligharimu dola milioni 1.05.

Meneja mkuu wa wakati huo, Dave Nonis, alikiri hadharani kwamba timu ina fungu la takwimu kwenye bajeti na kila mwaka pesa inabaki. Inabaki, wakuu! Msimu huohuo Leafs wakaruhusu mashuti kama 36 kwa mechi, wa mwisho ligi nzima. Katikati ya Machi bado walikuwa ndani ya nafasi za mtoano. Wakapoteza 8 mfululizo, wakabaki nje.

Na mkataba wa Clarkson haukuwa wa kuvunjika kirahisi, maana sehemu kubwa ilikuwa bonasi za kusaini, pesa ambazo unalipa hata ukimfukuza mtu. Februari 2015 wakampeleka Columbus, wakabadilishana naye... Nathan Horton. Yuleyule. Alikuwa amesaini Columbus siku ileile ya Clarkson, naye miaka 7, kisha mgongo ukaharibika. Columbus hawakuwa wameukatia mkataba wake bima, hivyo walikuwa wanamlipa mtu asiyeweza kuvaa viatu vya barafu. Toronto pesa wanazo. Shida yao ilikuwa ukomo. Majeruhi wa muda mrefu anakupa nafuu ya ukomo, Clarkson mzima hakupi. Wakamchukua Horton kwa sababu hatacheza. Hesabu safi kabisa, na iliwezekana bila profesa. Kwa nini haikufanyika Julai 2013?

Mdau wa pili (Toronto)

Umeandika vizuri, mkuu, ila sehemu inayokuuma umeiruka. Julai 2014 wakamleta Kyle Dubas, kijana wa miaka 28, mtu wa takwimu haswa. 2018 akawa meneja mkuu. Haya tuhesabu kwa namba zenu: 2019 wametolewa na Boston mechi ya saba. 2020 Columbus. 2021 waliongoza 3-1 dhidi ya Montreal wakatolewa. 2022 Tampa, mechi ya saba tena. 2023 ndipo wakavuka raundi moja, ya kwanza tangu 2004, na Dubas akaondoka Mei mwaka huohuo. Kombe la mwisho ni la 1967. Corsi ikiwa nzuri kombe liko wapi?

Na Februari 22, 2020 hukuitaja kabisa. Timu ya takwimu, nyumbani kwake, ikafungwa 6-3 na Carolina, golini akiwa dereva wa mashine ya kulainisha barafu.

Mdau wa tatu (Dar es Salaam)

Ngoja kwanza. Dereva aliingiaje golini? Mnatutania?

Mdau wa pili

Hatutanii. Kanuni ya wakati ule ilimtaka mwenyeji awe na kipa wa dharura uwanjani, atumike na timu yoyote. Makipa wote wawili wa Carolina waliumia, akaitwa David Ayres, miaka 42, aliyewahi kupandikizwa figo. Alikuwa akifanya mazoezi na Leafs wenyewe! Walimjua alivyo, bado akawashinda.

Mleta mada

Asante kwa kuniletea Ayres, maana ni shahidi wangu. Alipigiwa mashuti 10 akazuia 8, asilimia 80, wakati kipa wa kawaida wa ligi msimu ule alipita 90. Mawili ya mwanzo yaliingia yote. Kwa kipa alikuwa kipa mbovu, na namhurumia kulisema. Sasa jiulize: nusu ya mechi nzima, mbele ya dereva, Leafs wamepiga mashuti 10 tu. Kwa nini? Carolina walikuwa na kisahani. Hiyo ndiyo Corsi, ndugu yangu.

Mdau wa nne (Nairobi)

Mimi nimeujua mchezo huu kupitia timu yetu ya hoki, Ice Lions, walioanzia kwenye kile kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari, kwa hivyo msinikaribishe kama mgeni. Nyote wawili mnapendelea namba mnayoitaka. Kuna ile ya jumlisha-toa: timu yako ikifunga ukiwa uwanjani unaongezewa moja, ikifungwa unapunguziwa. Bobby Orr alimaliza 1970/71 akiwa +124. Bill Mikkelson wa Washington, 1974/75, alimaliza -82, na hakuna aliyewahi kumfikia. Washington walikuwa timu mpya, wameshinda mechi 8 kati ya 80. Mikkelson alikosa nini, zaidi ya kukubali kazi? Namba ilikuwa ya kweli, lakini aliyestahili kuibeba ni yule aliyeijenga timu.

Halafu mnacheka Toronto peke yao. Novemba 2015 Chris Pronger aliingizwa kwenye ukumbi wa magwiji wa hoki akiwa bado kwenye vitabu vya Arizona, timu ambayo hakuichezea hata dakika moja, na huku ameajiriwa na NHL yenyewe kwenye idara ya usalama wa wachezaji. Walimtaka ili mkataba wake uwafikishe kwenye kima cha chini cha jumla ya mishahara ambacho kila timu ya ligi hutakiwa kufikia. Huyo anapimwa kwa Corsi gani?

Mdau wa pili

Hilo la Arizona limenimaliza. Ila mleta mada bado ana deni. Julai 2019 Clarkson alirudi Toronto, akitokea Vegas, na mgongo wake umeshamstaafisha. Msimu ule Leafs wakawa na yeye na Horton kwenye vitabu kwa pamoja, watu wawili waliobadilishana wao kwa wao, hakuna anayecheza. Aliyemrudisha ni Dubas. Mtu wenu wa takwimu!

Mleta mada

Ni kweli, alimrudisha, wakati huo akitafuta nafasi ya mshahara wa Mitch Marner. Na ndio usajili bora wa Clarkson ambao Toronto imewahi kufanya. Safari hii hakuna aliyemtegemea afunge.

Mdau wa tatu

Mimi nilikuja kuuliza habari za dereva tu. Clarkson alilipwa zote?

Mdau wa nne

Zote. Na kama hiyo inakuuma, tafuta habari za kipa Rick DiPietro. New York Islanders walivunja mkataba wake 2013, wanamlipa dola milioni 1.5 kila mwaka hadi 2029.