Mrejesho: Sinigang ya ng'ombe sasa imekubali

Ndugu zangu, niliwauliza kwa nini sinigang, ile supu chachu ya Kifilipino, ilinitoka ya kahawia na yenye utamu, huku magimbi yakibaki magumu. Nashukuru kwa maelezo yenu. Kosa kubwa lilikuwa ukwaju: nilitumia ule ulioiva, wa kutengenezea juisi, ilhali Wafilipino hupendelea ukwaju mchanga wa kijani, ambao huchemshwa na maganda yake mpaka ulainike, kisha hupondwa na kuchujwa, nao hutoa uchachu mkali usio na rangi nzito. Tena niliutia mapema mno, kumbe uchachu huchelewesha mboga kulainika.

Safari hii nilichemsha kilo 1 ya mbavu za ng'ombe (wenyewe hupika sana nguruwe, ambaye kwetu haliwi) katika maji yaliyooshea mchele, pamoja na vitunguu na nyanya, kwa moto mdogo kwa saa 2. Magimbi yakafuata hadi yakaanza kuvurugika na kuupa mchuzi uzito, ndipo nikatia ukwaju. Figili na bamia viliingia baadaye, na kangkong, mboga ya majani iotayo majini, dakika ya mwisho kabisa. Chumvi niliipunguza kwa sababu ya patis, yaani mchuzi wa samaki waliovundikwa kwa chumvi, ambao harufu yake, nakiri, inahitaji mazoea.

Tuliila na wali mweupe. Mume wangu alikunja uso kwa kijiko cha kwanza, kisha akaomba bakuli la pili.