Mjadala: Kitengo cha habari, jeshini na halmashauri, kinakwamishwa na fedha, watu au mkubwa?

Mleta mada (Uyole, Mbeya)

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo lililoninyima usingizi kwa miaka yote niliyokuwa mtumishi, na ambalo sasa, nikiwa nimestaafu na kurudi kwenye viazi vyangu hapa Uyole, naliona kwa utulivu zaidi. Nimekuwa nikisoma malalamiko ya maafisa habari wa jeshi la Marekani, yaani wale wanajeshi ambao kazi yao ni kuandika taarifa kwa umma, kupokea waandishi wa habari na kumshauri kamanda nini kisemwe na lini. Wanalalamikia mambo matatu: wakubwa huwaita jambo likishaharibika, vitengo vyao havina watu wa kutosha, na fungu lao ndilo la kwanza kukatwa bajeti ikibana. Nilicheka peke yangu, kwa sababu ukiondoa neno "kamanda" ukaweka "mkurugenzi", malalamiko yale ni yangu mwenyewe.

Swali ninaloliweka mezani ni hili: kati ya hayo matatu, mzizi ni upi? Msimamo wangu nautanguliza ili nisionekane ninategea. Mzizi ni mkubwa. Fedha na watu hufuata pale mkubwa anapoona kwamba kusema na wananchi ni sehemu ya kazi yake, wala si pambo la kazi hiyo.

Tazameni hao Wamarekani wenyewe. Mwaka 2009 shirika la habari la Associated Press lilichunguza na kukuta kwamba Pentagon, yaani wizara ya ulinzi ya Marekani, ilikuwa imetenga kwa mwaka huo dola zisizopungua bilioni 4.7 na watu 27,000 kwa ajili ya kuandikisha askari, matangazo na uhusiano na umma. Ni kweli kwamba uhusiano na umma wenyewe ulipata kidogo kuliko kuandikisha na kutangaza, lakini hata hicho kidogo, huku kwetu tungekiita utajiri. Tena miongozo ya jeshi lao la nchi kavu inamweka afisa habari katika kundi dogo la maafisa wanaomwona kamanda moja kwa moja, pamoja na kasisi, mwanasheria na daktari. Kwa karatasi, basi, kiti anacho.

Na bado, tarehe 29 Agosti 2021 ndege yao isiyo na rubani ilipiga gari mjini Kabul, na siku tatu baadaye Jenerali Mark Milley, mwenyekiti wa wakuu wa majeshi, akawaambia waandishi kwamba shambulio lile lilikuwa la haki. Tarehe 17 Septemba jeshi likakiri kwamba waliouawa walikuwa raia 10, saba kati yao watoto. Hapo hapakukosekana kamera wala mshahara wa msemaji. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia jenerali, kabla hajafungua kinywa, kwamba jambo hili bado hatulijui.

Nawapa na la kwangu. Katika halmashauri moja ya nyanda hizi za juu, ambayo sitaitaja, mkurugenzi aliniagiza nipite na gari la matangazo niwaambie wafanyabiashara wadogo kwamba hakuna atakayehamishwa kabla ya mavuno. Nikapita, kwa sauti yangu mwenyewe, mtaa kwa mtaa. Wiki iliyofuata simu ikalia saa kumi na mbili asubuhi: "Njoo na kamera." Ilikuwa Juni, baridi ya kukata, na betri ya kamera ile ilikuwa haiwaki mpaka niipashe moto kwapani. Nilipofika bado nimeibana kwapani, mgambo walikuwa wameshavunja safu mbili za vibanda. Mama mmoja, muuza ndizi, ambaye nilizoea kununua kwake, aliniangalia kwa muda mrefu kisha akauliza, "Si wewe uliyesema hatuhami?" Nilikuwa sina jibu. Mchana nikapewa nusu karatasi yenye hoja za kuandikia taarifa kwa umma, na hoja ya kwanza ilikuwa kwamba wafanyabiashara walishirikishwa kikamilifu. Kikao cha uamuzi kilifanyika siku nne kabla, katika chumba cha tatu kutoka ofisi yangu, na mimi sikujua kwamba kipo.

Je, siku ile ningepewa kamera mpya na vijana wawili, ingenisaidia nini?

Mstaafu wa jeshi (Mbalizi)

Mleta mada, pole kwa yaliyokukuta, lakini umefunga ng'ombe na punda kwenye jembe moja. Halmashauri ni ya wananchi na vikao vyake vina madiwani. Jeshi ni jambo jingine. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 ipo, na hata Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo imeitaka kila taasisi iwe na afisa wa kutoa taarifa na ijibu maombi ndani ya siku 30, imezizuia taarifa zinazoweza kuhatarisha ulinzi wa nchi. Haikufanya hivyo kwa uchoyo. Taarifa ya mahali kikosi kilipo ikitoka saa moja mapema, inazika watu.

Huo mfano wako wa Kabul nauona kinyume na unavyouona wewe. Jenerali yule hakuponzwa na kukosa msemaji. Aliponzwa na haraka ya kusema. Angenyamaza wiki mbili, uchunguzi ukamalizika, asingekuwa na la kumeza. Ninyi watu wa habari mna ugonjwa mmoja: mkiona kimya mnadhani kuna kazi haijafanyika.

Lingine ni kwamba msemaji wa jeshi ni kamanda mwenyewe. Sisi tuliokuwa vijana mwaka 1978 tunakumbuka Mwalimu alivyozungumza na taifa kuhusu Amin mwezi Novemba: uwezo, sababu na nia. Maneno matatu, na hakuna aliyeuliza kitengo cha mawasiliano kiko wapi. Hata katika utumishi wangu, tulipokuwa na mazoezi ya kulenga shabaha, mkuu wetu wa kikosi alikuwa akishuka kijijini siku mbili kabla. Alikaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji, akanywa togwa, akawaambia wazee siku, saa, na upande ambao mifugo isipelekwe. Hakukuwa na tangazo la redio wala kipeperushi, na siku ya mazoezi akina mama waliendelea kupalilia. Mkuu yule angekabidhi kazi ile kwa luteni mwenye kamera, wazee wangejua wamedharauliwa.

Nakubaliana nawe kwa moja tu. Huko Marekani, katika jeshi la nchi kavu, ofisa kwa kawaida haanzi kazi akiwa afisa habari. Huingia huko baada ya miaka kadhaa katika fani nyingine za jeshi. Hilo ni jema. Anayejua kwamba bunduki ina uzito gani, anajua pia neno lina uzito gani.

Afisa habari, bado kazini (Iringa)

Kamwene, wazee wangu, na shikamooni. Nimesoma yote mawili na nimeona kwamba mnagombania kiti karibu na mkubwa, ilhali mimi hata kiti cha kukalia ofisini nimeazima masijala.

Baba wa Uyole, mimi ninaye huyo mkubwa unayemtamani. Mkurugenzi wangu ananiita kwenye kikao cha menejimenti kila Jumatatu, ananiuliza maoni kabla ya uamuzi, na mara mbili ameahirisha jambo kwa sababu nilimwambia wananchi hawajaelezwa. Kwa nadharia yako, fedha na watu vingekuwa vimeshafuata. Havijafuata. Kitengo ni mimi peke yangu. Mimi ndiye ninayepiga picha, ninayehariri video, ninayeandika habari za tovuti, ninayejibu maoni kwenye kurasa za mitandao, ninayepokea waandishi, na siku za sherehe mimi ndiye mshereheshaji. Mwaka jana niliombwa pia nihakikishe maji ya mgeni rasmi yako baridi, nikahakikisha. Bando ni la mfukoni mwangu. Gari ninaazima idara ya kilimo, na idara ya kilimo ikiwa na safari, habari ya kijiji cha mbali inasubiri au haiandikwi kabisa. Kasma ya matangazo ipo kwenye kitabu cha bajeti, lakini kufikia Desemba inakuwa imeshalipia mabango na fulana.

Sasa niambieni, mkubwa mwema anisaidie vipi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja? Siku mvua ilipokata barabara ya kata moja, nilikuwa kwenye uzinduzi wa madarasa. Habari ya barabara iliandikwa na kijana wa bodaboda kwa simu yake, na aliandika kwamba wamekufa watu. Hakufa mtu. Nilikanusha saa nane baadaye, na mpaka leo kuna wanaoamini ya bodaboda.

Mzee wa Mbalizi, kwa heshima zote, mkuu wako wa kikosi aliyekunywa togwa alikuwa na kijiji kimoja cha kukizungumzia. Leo neno halikai kijijini. Akishuka kwenye benchi anakuta wazee wameshatumiwa sauti kwenye simu na mjukuu aliyeko Tunduma, na sauti hiyo inasema kinyume.

Mzazi (Mafinga)

Mimi si mtu wa habari wala wa jeshi, naomba niseme kidogo. Kijana wangu alikuwa kwenye mafunzo, katika kambi iliyo mbali na hapa. Usiku mmoja kwenye kundi letu la wazazi ikaingia sauti ya mtu asiyejulikana, akisema vijana wameugua kwa wingi. Nilipiga namba tuliyopewa mpaka simu ikaisha chaji. Ilipokelewa saa tano asubuhi, na aliyepokea alinijibu kwa upole kabisa kwamba hakuna tatizo, ila yeye si msemaji. Hakuna tatizo ndilo neno nililokuwa nalihitaji usiku. Sijui lingegharimu shilingi ngapi, wala lingefichua siri gani ya nchi.

Mleta mada (Uyole, Mbeya)

Ndaga, wachangiaji. Naanza na mzee mwenzangu wa Mbalizi. Kuhusu togwa umenipiga kwa fimbo yangu mwenyewe, maana mkuu yule ndiye mkubwa ninayemsema: alilijumuisha neno kwenye mpango wa zoezi kabla risasi haijatoka. Tunachotofautiana ni kimya. Mabomu yalipolipuka kwenye kambi ya jeshi ya Gongo la Mboto, Dar es Salaam, usiku wa tarehe 16 Februari 2011, takriban miaka miwili baada ya yale ya Mbagala ya tarehe 29 Aprili 2009, watu kwa maelfu walitembea gizani kuelekea mjini, watoto wakapoteana na wazazi wao. Katika saa kama zile hakuna kamanda mwenye taarifa kamili, na simlaumu mtu kwa kutokuwa nayo. Lakini "bakini umbali huu, elekeeni upande huu, hili tunalijua, lile bado" si siri ya ulinzi. Wiki mbili za kimya unazompa jenerali ni sawa kwa swali la nani alikosea. Kwa swali la tukimbilie wapi, hata dakika ishirini ni nyingi. Na mama wa Mafinga hakuhitaji uchunguzi. Alihitaji mtu aliyeruhusiwa kusema sentensi moja.

Kwa binti yangu wa Iringa, nakiri kwamba umenitikisa. Nilijenga hoja yangu juu ya mkurugenzi mmoja mbaya, kosa ambalo ningemkemea mwandishi chipukizi. Narekebisha msimamo: mkubwa asiyekuita anakufanya mwongo, na mkubwa anayekuita bila kukupa watu anakufanya mchelewaji, na mbele ya mwananchi hao wawili hawatofautiani sana. Ila bado sijaridhika kwamba mkubwa wako ametoka safi. Kukuita Jumatatu hakumgharimu kitu. Makisio ya mwaka ujao wa fedha yanapoandaliwa, miezi mingi kabla ya Julai, ndipo tunapojua anakuthamini kiasi gani. Kwa hiyo nakuuliza kama mtu aliyewahi kuandika madokezo mengi yasiyojibiwa: umewahi kuomba mtumishi wa pili kwa maandishi, na aliandika nini pembeni?

Afisa habari, bado kazini (Iringa)

Baba, swali lako limenifanya niende masijala mchana huu kulifungua faili. Dokezo langu lipo, kurasa mbili. Pembeni mkurugenzi ameandika kwa mkono wake, "Nakubaliana kabisa na hoja. Afisa Utumishi, shughulikia." Chini yake Afisa Utumishi ameandika, "Ikama yetu ina nafasi moja tu ya afisa habari, na imejazwa." Basi, faili likafungwa, na kila mmoja wao amefanya kazi yake.

Juu ya dokezo hilo nimekuta karatasi nyingine imebanwa leo asubuhi. Kesho kuna ugeni, gari la kilimo limechukuliwa, na mshereheshaji ni mimi.