Ulinganisho: initscr, newterm au wrapper ya Python, ipi inakuachia skrini salama programu ikifa?

Mizani_Mbale
Habari zenu ndugu. Niko Mbale, natunza programu ya kupimia kahawa kwenye kituo kimoja cha ununuzi huku chini ya Mlima Elgon. Imeandikwa kwa C na ncurses (maktaba ya kuchora skrini za maandishi), na inakaa kwenye laptop ya zamani yenye Linux isiyo na madirisha, skrini nyeusi tu. Mizani imeungwa kwa waya wa siriali. Karani anaandika jina la mkulima, kilo zinaingia zenyewe, anabonyeza F2, risiti inatoka.

Juzi mtu alijikwaa kwenye waya wa mizani ukachomoka. Programu ikafa. Jedwali likabaki palepale, nusu ya jina la mkulima ikiwa bado kwenye kisanduku cha njano, na alama ya $ imejitokeza katikati ya safu ya kilo. Karani akiandika, herufi hazionekani. Akaamini mashine imeharibika, akashikilia kitufe mpaka ikazima. Watu na magunia yao walisubiri karibu saa nzima huku nikimwelekeza kwa simu.

Nataka jambo hili lisirudie tena, na naona njia tatu:

1. Nibaki na `initscr()` (inayofungua skrini) na `endwin()` (inayoifunga) kama ilivyo, nirekebishe tu.
2. Nihamie `newterm()`, njia nyingine ya kufungua skrini.
3. Niandike upya kwa Python nitumie `curses.wrapper`.

Waliowahi kutumia zaidi ya moja, naomba mnilinganishie. Msimu umepamba moto, sina nafasi ya kujaribu zote.

---

AruaMpakani
Kaka, pole sana kwa yaliyompata karani. Mimi niko Arua, nina programu ya stoo kwenye duka la jumla, wateja wengi wanatoka ng'ambo ya mpaka, Kongo. Nilianza na C nikaishia Python, na sababu ni hiyohiyo yako.

`curses.wrapper` unaipa funksheni yako, nayo inafanya yote: inaita `initscr`, inazima mwangwi wa herufi, inawasha `cbreak` (herufi zisomwe bila kusubiri Enter) na vitufe maalum, inaandaa rangi. Funksheni yako ikiisha vizuri au ikilipuka katikati, wrapper inarudisha kila kitu kwanza, inaita `endwin`, ndipo kosa linapopanda juu. Kwa hiyo ujumbe wa kosa unausoma wote kwenye skrini safi, mstari kwa mstari. Kwenye C ujumbe huo hupotea ndani ya jedwali.

```
import curses

def kazi(skrini):
    skrini.addstr(0, 0, "Weka gunia kwenye mizani")
    skrini.getch()

curses.wrapper(kazi)
```

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijui. `initscr` ya C ikishindwa kuitambua terminali, inaandika "Error opening terminal" na kuua programu palepale, hupati hata nafasi ya kusema neno. Ile ya Python inaita `setupterm` kabla, kwa hiyo unapata kosa la kawaida unaloweza kulikamata kwa `except`.

Kura yangu ni namba 3.

---

Kibodi256
Sikubaliani na kuandika upya katikati ya msimu. Programu ambayo tayari inajua kuzungumza na mizani hiyo ina thamani kuliko usafi wa Python. @Mizani_Mbale, tuoneshe kwanza inakufaje. Ni segfault (kuuawa kwa kugusa kumbukumbu isiyo yake), au kuna `exit` mahali?

---

Mizani_Mbale
@Kibodi256 nimetafuta. Kuna `perror` ikifuatiwa na `exit(1)` mahali tisa, na mojawapo ni kwenye funksheni inayosoma mizani. `endwin` iko mahali pamoja tu, mwisho wa `main`.

---

Kibodi256
Basi ugonjwa ndio huo. Hakuna tatizo na `initscr`. Mlango wa kuingilia ni mmoja na wa kutokea ni kumi, na tisa havina anayefunga.

Kuna jambo linalowachanganya watu hapa. Ukiendesha programu kutoka kwenye bash (shell inayopokea amri zako) na ikauawa na ishara, kwa mfano segfault, bash yenyewe hurudisha mipangilio ya terminali iliyokuwepo kabla, kwa hiyo herufi zinaonekana tena. Lakini programu ikitoka kwa `exit(1)`, bash inachukulia kwamba imeondoka kwa hiari na mipangilio iliyoacha ndiyo iliyoitaka. Ndiyo maana kosa dogo la waya lilikuachia hali mbaya kuliko ambavyo segfault ingekuachia.

Dawa yake ni fupi:

```
static void funga(void)
{
    if (!isendwin())
        endwin();
}

static void kufa(const char *ujumbe)
{
    funga();
    fprintf(stderr, "%s\n", ujumbe);
    exit(1);
}
```

Baada tu ya `initscr()` weka `atexit(funga);`, ili `funga` iitwe yenyewe programu ikitoka. Halafu badilisha zile `perror` na `exit` zote tisa ziwe `kufa("...")`. Usitegemee `atexit` peke yake: ukiandika ujumbe kabla ya `endwin`, unaandikwa juu ya jedwali, na kwenye terminali zenye skrini ya pili (ya muda, inayoacha maandishi ya awali bila kuguswa) unatoweka kabisa skrini ikirudishwa. Funga kwanza, sema baadaye.

---

Dada_Seva
Nakubaliana na Kibodi kuhusu `exit`, ila naona mnaipita `newterm` haraka mno. Nimeitumia kazini hapa Kampala na kwa kazi fulani haina mpinzani.

Ya kwanza: ikishindwa inarudisha NULL. Programu inabaki hai, unaweza kuhamia hali ya maandishi ya kawaida, au kuandika kwenye logi na kuendelea.

Ya pili, na ndiyo iliyonivutia: wewe ndiye unayechagua faili za kuandikia na kusomea. Nilikuwa na programu ya kuchagua mteja kutoka kwenye orodha, halafu namba yake ipokelewe na programu nyingine kupitia alama ya `|`. Kwa `initscr` hilo ni taabu, kwa sababu inachora kwenye stdout (njia ya kutolea matokeo) ileile ambayo namba inatakiwa kupitia, kwa hiyo programu ya pili inapokea takataka za rangi na mistari. Kwa `newterm` nilifanya hivi:

```
FILE *toa   = fopen("/dev/tty", "w");
FILE *ingia = fopen("/dev/tty", "r");
SCREEN *s = newterm(NULL, toa, ingia);
if (s == NULL)
    return orodha_ya_kawaida();
set_term(s);
/* ... chora, soma, chagua ... */
endwin();
delscreen(s);
printf("%d\n", namba);
```

Skrini inachorwa kwenye terminali, namba inapita kwenye stdout ikiwa safi. NULL ya mwanzo inamaanisha "tumia TERM iliyopo".

Mkumbuke pia kwamba `endwin` hairudishi kumbukumbu. Inarudisha terminali tu. Anayefuta ile SCREEN ni `delscreen`, na unaiita baada ya `endwin`. Na ukifungua terminali zaidi ya moja, kila moja inadai `endwin` yake.

Kwa kituo cha kahawa chenye skrini moja na karani mmoja, sioni `newterm` ikikuongezea kitu. Nimeieleza kwa ajili ya watakaokuja kusoma baadaye wakiwa na shida kama yangu.

---

Mzee_wa_Siriali
Wanangu, mnazungumzia kufungua na kufunga kana kwamba ni kitu kimoja. Ni vitu viwili, na asiyevitenganisha atahangaika kila siku.

Kuna mipangilio iliyoko ndani ya kernel: herufi zioneshwe au zisioneshwe, mstari usubiri Enter au usisubiri, Ctrl-C iwe ishara au iwe herufi. Halafu kuna hali ya terminali yenyewe: rangi iliyobaki, kielekezi kilichofichwa, skrini ya pili iliyofunguliwa. Ya kwanza inabadilishwa kwa kuiomba kernel. Ya pili inabadilishwa kwa kutuma misimbo, na hakuna anayekumbuka ulituma nini. `initscr` hugusa zote mbili na `endwin` hurudisha zote mbili. Programu ikifa katikati, kila moja inahitaji dawa yake.

`stty sane` hutibu ya kwanza. `reset` hutibu zote. Mfundishe karani wako aandike `reset` na Enter hata kama haoni herufi. Enter ikigoma, abonyeze Ctrl-J.

Hii pia ndiyo sababu siwashauri vijana watume misimbo kwa mkono kwa `printf` wakidhani wamekwepa ncurses. Utakumbuka kufungua, utasahau kimoja katika kufunga. Na laptop ya Mbale ingekudanganya zaidi: konsoli ya Linux, TERM ikiwa `linux`, kwenye terminfo (orodha ya uwezo wa kila terminali) haina ile amri ya skrini ya pili. Hapo hata `endwin` ikiitwa, jedwali hubaki likionekana. Ungeendesha programu hiyohiyo kwenye dirisha la xterm, ungeona kitu tofauti.

---

AruaMpakani
Asante mzee. Hilo la vitu viwili limenieleza jambo lililonisumbua muda mrefu. Huwa naingia kwenye seva ya duka kwa ssh kutoka kwenye simu. Mtandao ukikatika, nikiwa nimewasha panya ndani ya programu, simu inabaki inamwaga herufi za ajabu kila nikigusa skrini. Kumbe programu kule ilikufa kabla ya kutuma misimbo ya kufunga huku.

---

Mzee_wa_Siriali
Ndivyo. Ssh ya upande wako hurudisha mipangilio ya kernel ya upande wako, lakini haijui misimbo iliyopita ndani yake. Upande wa simu andika `reset`. Upande wa seva endesha programu ndani ya tmux (inayoishikilia programu hata ukikatika), mtandao ukirudi uikute hai.

---

Kibodi256
Tumalizie suala la ishara. ncurses huweka wapokeaji wake wa SIGINT na SIGTERM, kwa hiyo Ctrl-C na `kill` ya kawaida huwa zinafunga skrini. SIGHUP (ya terminali kukatika) haimo. Na SIGKILL (`kill -9`) hakuna anayeweza kuikamata, si C wala wrapper ya Python. Nawaomba msiite `endwin` ndani ya mpokeaji wa ishara wenu wenyewe, hasa wa segfault: kumbukumbu ikiwa imeharibika, unaomba funksheni kubwa ifanye kazi juu ya magofu. Weka bendera ya `sig_atomic_t`, loopu kuu iione, ifunge kwa utaratibu.

Kwa yale yasiyokamatika, mwache mzazi afunge. Programu isianzishwe moja kwa moja, ianzishwe na skripti:

```
#!/bin/sh
hali=$(stty -g)
./mizani "$@"
m=$?
stty "$hali"
tput sgr0
tput cnorm
if [ $m -ge 128 ]; then
    tput rmcup
    echo "Programu ilikatishwa ($m). Anza tena."
fi
exit $m
```

Namba 128 na kuendelea inamaanisha iliuawa na ishara: 137 ni SIGKILL, 139 ni segfault. `rmcup` nimeiweka ndani ya sharti kwa makusudi, kwa sababu ukiituma wakati skrini ya pili imeshafungwa, xterm inaweza kurusha kielekezi mahali pengine.

---

Dada_Seva
Skripti hii naichukua. Nyongeza moja: `setlocale(LC_ALL, "")` ije kabla ya `initscr` au `newterm`, na uunge na `ncursesw`. Bila hivyo herufi kama ŋ kwenye majina ya Kiganda zinaharibika, na mkulima ana haki ya kuona jina lake limeandikwa sawasawa kwenye risiti.

---

Mizani_Mbale
Asanteni sana nyote. Nimechukua njia ya kwanza: `initscr` imebaki, `atexit` imeingia, zile `exit` tisa zimekuwa `kufa`, na skripti ya Kibodi ndiyo inayoanzisha programu. Risiti pia nimeirekebisha: sasa naita `def_prog_mode`, kisha `endwin`, natuma `lp`, halafu `refresh` inarudisha jedwali kama lilivyokuwa. Zamani ujumbe wa printa ulikuwa unachafua safu ya mwisho. Python nitaifikiria msimu ukiisha.

Nimelipata na kosa jingine ambalo hakuna skrini ingelirekebisha: kilo zilikuwa zinahifadhiwa mwisho wa siku tu. Sasa kila gunia linaandikwa kwenye faili na `fsync` (inayolazimisha data ifike diskini) kabla risiti haijatoka, kwa sababu umeme wetu hautoi taarifa.

Leo asubuhi nimechomoa waya kwa makusudi karani akiwa amekaa. Jedwali likabaki juu, kielekezi kikashuka chini, ukatokea mstari mmoja: "Waya wa mizani umechomoka. Uchomeke, kisha andika ./anza". Akausoma kwa sauti, akainama, akachomeka, akaandika. Herufi zote zilionekana.